Ukipangiwa kufundisha watoto viziwi Tabora

Mwalimu mgeni, karibu Tabora, mji uliofungua shule ya kwanza ya viziwi nchini mwaka 1963. Usisimame dirishani: mwanga ukitoka nyuma yako, watoto wanaona kivuli tu. Viti vipange nusu duara, kila mtoto aone mikono ya wenzake.

Anza kwa Lugha ya Alama. Leta embe, walijadili, wabishane hasa. Ndipo uandike Kiswahili ubaoni, kisha ugeuke, usubiri macho yarudi kwako. Kuongea kwa mdomo huku unatoa alama mimi sikushauri. Kimoja kitaharibika, na mara nyingi ni alama.

Kumwita mtoto, mguse bega. Alama ya jina lako, yaani ishara ya mkono ya kukutaja, usijitungie; watakupa wenyewe, hata ikiwa ya kitambi.