Jinsi ya kusoma kanuni za nafasi na kimo kabla ya kuomba kibali cha ujenzi

Usianze na ramani ya nyumba, anza na kiwanja. Chukua hati na ramani ya upimaji, nenda ukazione bikoni zote, yaani alama za mpaka zilizowekwa na mpima, kwa macho yako. Uzio wa jirani si mpaka, na ukingo wa lami pia si mpaka. Kati ya lami na kiwanja chako kuna hifadhi ya barabara, ardhi iliyotengwa kwa ajili ya barabara. Bikoni isipoonekana, mwite mpima kabla ya msanifu.

Kisha nenda ofisi ya mipango miji. Ukiuliza "naruhusiwa kujenga nini?" utajibiwa juu juu. Taja namba ya kiwanja, uliza kiko katika ukanda gani wa mipango miji, na uombe kanuni za ukanda huo kwa maandishi. Unatafuta nafasi ya kuacha mbele, nyuma na kando, kimo cha mwisho, na asilimia ya kiwanja inayoweza kufunikwa na jengo. Kiwanja cha kona mara nyingi huhesabiwa kuwa na mbele mbili.

Sasa piga hesabu. Tuseme kiwanja ni mita 15 kwa 30, na kanuni zinataka mita 5 mbele, 3 nyuma, 1.5 kila upande. Inabaki 12 kwa 22, yaani mita za mraba 264. Lakini kama ufunikaji umewekewa kikomo cha asilimia 50, mwisho wako ni 225. Hizo 39 za ziada zimeshaondoka, ingawa kwenye mchoro zinaonekana zipo. Ulizia pia upenu, roshani na ngazi za nje: vinapimwa pamoja na ukuta au vinaruhusiwa kuchomoza?

Kimo kina mtego wake, nao ni mahali kinapoanzia. Kikipimwa kutoka ardhi ya asili, kifusi ulichojaza hakikuongezei kitu: nyumba ya mita 9 juu ya kifusi cha mita 1 ni nyumba ya mita 10. Juu nako, kuna kanuni zinazopima hadi kileleni mwa paa na zinazoishia katikati ya mteremko wake. Uliza pia kama ghorofa za juu zina nafasi zake za kuacha. Kanuni za New York za mwaka 1916 hazikuzuia majengo marefu. Ziliyataka yarudi nyuma kadiri yanavyopanda, ili mwanga ufike barabarani.

Kwenye maombi, mchoro wa kiwanja uonyeshe kila umbali kwa namba, na mchoro wa mkato, unaoonyesha jengo kana kwamba limekatwa wima, uonyeshe ardhi ya asili na ya kujaza. Ukihitaji kulegezewa kanuni, jenga hoja kwenye kiwanja chenyewe, mathalani umbo la pembetatu au mteremko mkali. "Familia yangu ni kubwa" haitakufikisha mbali.

Kibali kikitoka, mpima aweke kamba upya, na mkaguzi aone vipimo kabla zege la msingi halijamwagwa.