Namna ya Kujenga Patakatifu pa Siri pa Makuhani Katika Mchezo wa Kusimulia

Katika mchezo wa kusimulia, msimulizi hueleza ulimwengu wa kubuni na kila mchezaji huigiza mhusika wake. Mahali pa kuanzia nilionyeshwa na mchezaji mmoja, binti ambaye mhusika wake ni kuhani mponyaji. Tulikuwa tumekaa barazani kwetu hapa Ujiji, dadu zimetapakaa mkekani, nami nilikuwa nimetoka kueleza kwa kirefu patakatifu palipofichwa ndani ya mwamba wa ziwa: nguzo za fuwele, maji yanayong'aa, sauti za viumbe wasioonekana, uvumba usiokwisha. Wahusika waliingia, wakalala, wakapona majeraha yao, wakaanza kufunga mizigo. Hapo binti yule akauliza kwa upole, "Kaka, na humu ndani anafagia nani?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimesema kwamba makuhani wa miungu mitatu wamepatumia mahali hapo kwa miaka mia nne, lakini sikuwa nimefikiri hata kidogo ni nani huleta maji, ni nani hushika ufunguo, wala ni nani hugombana na nani kwa sababu ya moshi wa ubani.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya msimulizi anayeendesha mchezo wa aina hii, na vilevile kwa mwandishi wa hadithi za kubuni anayetaka wahusika wake wawe na makimbilio ya pamoja. Shauri langu ni kwamba usichore ukuta wala usitaje nuru yoyote mpaka uwe umejua kazi za mahali hapo zinagawanywa vipi, kwa kuwa makuhani wa imani tofauti hawaunganishwi na uzuri wa jengo, bali na kazi ambayo hakuna hata mmoja wao anayeweza kuifanya peke yake.

Anza na makuhani wenyewe. Mchezo wa Dungeons & Dragons, uliotungwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kuchapishwa Marekani mwaka 1974, ulikuwa na aina tatu tu za wahusika, yaani mpiganaji, mtaalamu wa uchawi na kuhani. Mtaalamu wa uchawi alipata uwezo wake vitabuni, ilhali kuhani alipewa wake na yule anayemtumikia, na kanuni za wakati ule zilimkataza kutumia silaha yenye makali. Tangu mwanzo, basi, kuhani ni mtu mwenye mwiko, na watu watatu wenye miiko mitatu wakiwekwa chini ya paa moja, jambo la kusimulia limekwisha kupatikana kabla adui yeyote hajafika mlangoni.

Kwa hiyo chukua karatasi, na kwa kila kuhani uandike anacholeta, anachojinyima ili wenzake wakae, na asichoweza kukivumilia hata akiombwa vipi. Nitatoa mfano wa meza yetu. Kuhani wa Maji huleta hewa, kwa maana patakatifu petu pako chini ya ziwa na bila dua zake hakuna anayeweza kupumua. Kuhani wa Moto huleta mwanga na chakula kilichopikwa. Kuhani wa Wahenga huleta kumbukumbu: yeye ndiye anayejua majina ya wote waliowahi kuingia. Sasa tazama pale wanapogongana. Moto hula hewa. Maji huchukia moshi. Wahenga hawataki jina la marehemu litajwe mbele ya moto unaowaka, lakini gizani majivu ya kuandikia majina hayo hayaonekani. Tulikaa kikao kizima, wachezaji wakibishana kwa niaba ya miungu yao, mpaka wakakubaliana kwamba moto utawaka tangu wavuvi wanapotoka mpaka wanaposonga chungu cha kwanza cha ugali, kisha utafunikwa kwa chungu kilichotobolewa, na kwa mwanga wa matundu hayo tu majina yataandikwa. Sijapata kuendesha kikao kizuri kuliko kile, na ndani yake hakuna aliyerusha dadu ya kupigana.

Ukikosa mfano wa kuigia, uko wa kweli. Kanisa la Kaburi Takatifu mjini Yerusalemu linashirikiwa na madhehebu sita ya Kikristo: Waorthodoksi wa Kigiriki, Wakatoliki, Waarmenia, Wakopti, Wasiria na Waethiopia. Ufunguo wa mlango wake mkuu hauko kwa dhehebu lolote kati ya hayo. Umo mikononi mwa familia mbili za Kiislamu za mji huo, moja ikiutunza na nyingine ikifungua mlango. Juu ya mlango huo, chini ya dirisha, ipo ngazi ya mbao ambayo imekaa hapo tangu karne ya 18, kwa sababu kitu cha pamoja hakihamishwi pasipo ridhaa ya wenzi wote. Mambo haya mawili yachukue yote. Ufunguo wa patakatifu pako umpe mtu asiyehusika na ibada yoyote ya mle ndani, awe mvuvi, mjane au mchoma mkaa, na uweke kitu kimoja kisichoruhusiwa kusogezwa. Kwetu ni kiti cha mianzi chenye mguu uliovunjika, kilichoegemezwa ukutani, na kila mhusika mpya hupita akitaka kukaa.

Sasa ndipo ufikirie namna ya kupaficha. Wasimulizi wengi huweka ukuta wa uchawi na kuishia hapo, na mimi nilifanya hivyo hivyo. Mahali hufichwa vizuri zaidi ndani ya kazi ambayo watu huiona kila siku mpaka wakaacha kuitazama. Usiku wa giza, ukisimama juu ya kilima chochote cha Kigoma na kutazama ziwani, utaona taa za wavuvi wa dagaa zimejipanga juu ya maji kama mji wa pili. Ukizitazama kwa muda utagundua kwamba zinasogea, mbili zinakaribiana, moja inazunguka polepole wakati wavu unapokusanywa. Katika ulimwengu wetu wa kubuni, mlango wa patakatifu ni taa moja miongoni mwa hizo, iliyo kwenye mtumbwi usiotupa wavu. Taa hiyo haisogei. Anayejua hukaa ufukweni mpaka aione iliyotulia, kisha hupiga makasia kuielekea bila kusema neno.

Uzuri wa kujificha hivi ni kwamba kalenda huja yenyewe. Mbalamwezi ikiwa kali wavuvi hupumzika, kwa kuwa dagaa hawavutwi na taa wakati anga lote linang'aa, na ziwa likiwa halina taa nyingine, taa moja peke yake ingeonekana na kila mtu. Basi siku za mwezi mpevu mlango haufunguki. Aliye ndani hubaki ndani, na aliyejeruhiwa ufukweni hana budi kuomba hifadhi kwa wenyeji mpaka mwezi ufifie. Hapo wachezaji wako watajifunza kuhesabu siku, na utaona mmoja wao anauliza habari za mwezi kabla ya kukubali safari.

Kina cha mahali pia kifikirie kwa uaminifu. Ziwa Tanganyika lina kina kinachofikia takribani mita 1,470, na chini ya mita 200 hivi maji yake hayana oksijeni, kwa hiyo samaki hawaishi huko. Ukijua hivyo hutaweka walinzi wenye mapezi kule chini. Utaweka ukimya, giza, na ukuta wa maji ambao hakuna kilicho hai kinachougusa kutoka nje. Uzito wa wajibu wa Kuhani wa Maji nao utauelewa vizuri zaidi: zamu yake ikipita bila dua, hewa ya chumbani huanza kuwa nzito, mwali wa taa hufupika, na watu huanza kupiga miayo kabla hawajajua kwa nini.

Jambo jingine la kujiuliza ni kama waliopaficha mahali hapo walikusudia kurudi. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha meli yao Graf von Götzen karibu na mdomo wa mto Malagarasi, lakini kabla ya kuizamisha walizipaka injini zake grisi nzito ili maji yasiziharibu. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza tena safari za ziwani kwa jina la Liemba. Anayeficha kwa nia ya kurudi hupaka grisi. Waanzilishi wa patakatifu pako wangepaka nini? Labda waliacha mbegu ndani ya nta, au mavazi ya ibada yaliyokunjwa na majani ya kufukuza wadudu, au mtungi wa mafuta ya taa uliozibwa kwa udongo. Kitu kama hicho, wachezaji wakikipata mikononi, kitawaeleza zaidi kuliko maandishi ya ukutani.

Kuhusu uganga wenyewe, lugha yetu imekwisha kutupa vyombo. Tuna zindiko la kuilinda nyumba, kago la kuzuia anayekuja kwa ubaya, na fingo linalozikwa ardhini na kukaa pale pale. Nashauri kila kuhani azike fingo lake mwenyewe, na kinga ya mahali iwe imara kadiri mafingo hayo yanavyohudumiwa. Ukitumia kanuni zilizochapishwa, kuna mahali pazuri pa kuegemea. Katika toleo la 2014 la mchezo niliokwisha kuutaja, kuhani anayetakasa mahali hutumia saa 24 kwa tendo hilo, kwa mitishamba, mafuta na uvumba wenye thamani isiyopungua vipande 1,000 vya dhahabu, na nguvu hiyo haivuki futi 60, yaani kama mita 18, kutoka kitovu chake. Ipo dua nyingine inayozuia watu kujitokeza mahali hapo kwa uchawi, nayo ikisomwa kila siku kwa siku 30 mahali pale pale hudumu mpaka itanguliwe. Usizitaje siku hizo 30 kwa sentensi moja na kupita. Siku ya kumi na saba kuhani ana homa. Nani atasoma? Je, dua ya mungu mwingine itahesabiwa? Ukilijibu swali hilo mbele ya wachezaji, utakuwa umeamua jambo kubwa kuhusu miungu ya ulimwengu wako.

Hapa niseme jambo ninaloliona la lazima. Mkoani kwetu na kwa jirani zetu wa Tabora kuna misitu, vilima na vijito ambavyo wazee bado huvitolea tambiko, na viko vyama vya kiganga vya Wanyamwezi kama vile Waswezi, vyenye siri zao na wafuasi wao. Hayo ni mali ya watu walio hai. Jifunze kwayo namna siri inavyotunzwa, heshima ya zamu na ya mwiko, lakini usichukue jina la mzimu wa kweli ukalifanya kizingiti cha mchezo. Buni la kwako. Tukio la kijana kumtania mzee kijijini kwa jina alilolisikia mezani kwako litakuwa kosa lako, si lake.

Amua pia ni nani anayeruhusiwa kukimbilia humo na kwa muda gani. Kitabu cha Hesabu, sura ya 35, kinaeleza miji sita ya makimbilio iliyotengwa kwa ajili ya mtu aliyeua bila kukusudia. Alitakiwa kukaa ndani ya mji mpaka kuhani mkuu afe, na akitoka kabla ya hapo mlipiza kisasi angeweza kumuua bila hatia. Hebu fikiria mhusika wako amekimbilia kwenye patakatifu penye sharti kama hilo, na kuhani mkuu ni kijana wa miaka ishirini na mitano mwenye afya njema, tena ndiye anayemletea chakula kila jioni.

Ukifika wakati wa kupavunja mahali hapo, usikimbilie kuleta jeshi. Anza na uzembe. Mafuta ya taa yamechelewa, mwenye ufunguo amefiwa na yuko matangani, Kuhani wa Moto amesahau kufunika chungu. Maadui waje baadaye, wakifuata njia ambayo uchovu wa watu wema umeiacha wazi. Wachezaji wataumia zaidi, kwa kuwa watakumbuka ni zamu ya nani iliyorukwa.

Kwa kikao cha kwanza, acha kueleza nguzo. Wafikishe wahusika kwenye mtumbwi, mwenye taa awapokee kwa kusema "Karibuni, wanangu," na kabla hawajaruhusiwa kulala, mwache mama mtu mzima atokee na ubao wenye majina na siku. Mwambie mchezaji aliyechoka kuliko wote kwamba jina lake liko chini ya kesho alfajiri, kisha mkabidhi ufagio wa chelewa na umwonyeshe kile kiti asichoruhusiwa kukisogeza.