Somo: Kabla hujanunua turbo nyingine ya Hilux D-4D, fungua sampu

Wakuu, hili ni la wenye Hilux za D-4D (za dizeli) zilizoanza kuingia 2005: injini ya 1KD (lita 3.0) na ya 2KD (lita 2.5). Mimi nilifunga turbo (feni inayosukuma hewa ndani ya injini) mbili ndani ya mwaka mmoja, na kila mara gereji iliniambia "turbo imekufa". Ni kweli ilikuwa imekufa. Hakuna aliyetafuta kilichoiua.

Nozeli (zinazopuliza dizeli kwenye silinda) za injini hizi zinakalia washa ndogo za shaba, yaani vipete vya kuziba. Washa ikichoka, moto wa silinda unapenya pembeni yake na masizi yanaingia kwenye oili. Yanashuka hadi sampu (bakuli la oili chini ya injini), yanaganda kwenye chujio la pampu. Shafti ya turbo inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika ikiwa imebebwa na utando wa oili tu. Oili ikipungua hapo, turbo ndiyo ya kwanza kuumia. Ukiendelea kutembea, injini nzima inakamata.

1. Asubuhi injini ikiwa baridi, iwashe usikilize kwenye nozeli. Mlio wa "chu-chu-chu", au lami nyeusi ngumu kuzunguka nozeli, maana yake washa zinavuja.

2. Shusha sampu ya chini, mulika chujio kwa tochi. Langu lilikuwa na ukoko mweusi kama sufuria ya ugali. Matundu yaliyobaki wazi yalihesabika.

3. Badili washa zote nne, hata kama inavuja moja. Safisha vikalio vyake, kaza kwa spana ya kupimia nguvu ya kukaza.

4. Turbo mpya isifungwe juu ya uchafu wa zamani. Badili au safisha bomba linaloipelekea oili, osha intakula, kipoza hewa ya turbo (vipande vya chuma hubaki humo), mimina oili ndani ya turbo, kisha piga stata bila kuwasha injini mpaka taa ya oili izime. Hapa ndipo wengi wanaharakisha na kupoteza pesa zote.

5. Oili kila kilomita 5,000 kama unabeba mzigo.

6. Ukimaliza kupanda mlima Kitonga kule Iringa na mzigo ukasimama Ilula kununua vitunguu, usizime papo hapo. Acha iungurume dakika mbili tatu.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, yangu ni 2.8 ya GD, injini iliyofuata KD. Inanihusu?*
Ugonjwa wa washa ni wa KD zaidi. Hatua ya 4 hadi ya 6 zinakuhusu zote.

*Kaka, nimekuta oili kwenye hosi ya turbo. Ndiyo basi?*
Utando mwembamba ni kawaida, ni mvuke wa injini. Ikichuruzika, zima, iache ipoe, kisha shika shafti. Kucheza kidogo kulia na kushoto kunavumilika. Ukisikia inaingia na kutoka, au mapanga yanakwaruza nyumba yake, itoe.

*Taa ya T-BELT (ya kubadili mkanda wa taimingi) imewaka, fundi kaizima. Niendelee?*
Alibadili mkanda au alizima taa tu? Kama ni taa tu, gari lisitembee. Mkanda wa KD unabadilishwa kila kilomita 150,000, na ukikatika valvu zinagonga pistoni.