Somo: Namna ya Kuutembea Uwanda wa Makonde Ukianzia Newala

Wadau, picha za Shimo la Mungu, ule ukingo wa uwanda pale Newala mkoani Mtwara, zinazunguka sana siku hizi, na karibu zote ni za mtu aliyeshuka kwenye gari, akasimama ukingoni dakika kumi, akageuza. Huyo Newala kaipita tu. Somo hili ni la anayetaka kulala kule juu, kushuka bondeni kwa miguu na kupanda tena akiwa mzima. Jambo la kushika ni moja: uwanda ule hauna maji ya juu ya ardhi, kwa hiyo ratiba yako ipange kwa kufuata maji.

Sababu iko kwenye ardhi yenyewe. Uwanda wa Makonde ni mchanga na mawe ya mchanga yaliyolaliana kwa unene mkubwa. Unaanza chini huku pwani, unapanda taratibu kuelekea magharibi hadi karibu mita 900, halafu unakatika ghafla. Mvua inanyesha ya kutosha, ila inazama karibu yote, na kuja kuchomoza kama chemchemi huko chini kwenye miguu ya mtelemko. Ndiyo maana unaweza kusafiri kutwa juu kule usivuke hata kijito. Kabla ya mradi wa maji wa Makonde wa miaka ya 1950, unaosukuma maji kutoka chanzo cha Mitema, kina mama walikuwa wakishuka alfajiri na vyombo na kupanda navyo kichwani vimejaa. Sisi tunaita utalii.

Hatua ya 1: Chagua mwezi

Juni hadi Septemba. Mvua huanza Novemba au Desemba na kumalizika Aprili au Mei, na wakati huo njia za mtelemko huteleza vibaya. Juni na Julai beba sweta, tena la maana. Mtu wa Mtwara mjini hukubali neno "baridi ya Newala" siku ya kwanza jioni, upepo ukipanda kutoka bonde la Ruvuma. Mtafiti Mjerumani Karl Weule alikaa Newala mwaka 1906, na upepo huo ulimkera kweli kweli.

Mwenye pumu asome hapa vizuri. Juni hadi Agosti ndiyo miezi ya kupulizia salfa kwenye mikorosho. Mashine zinawashwa alfajiri, upepo ukiwa umetulia na majani yana umande, na ukipita shambani saa kumi na mbili utakuta vumbi la njano limetanda chini ya matawi, macho yanawasha na koo linakauka. Subiri jua lipande, au zunguka.

Hatua ya 2: Fika Newala

Kutoka Mtwara kuna njia mbili. Ya Tandahimba inapita juu ya uwanda wenyewe, mikorosho na vijiji mwanzo mwisho. Ulizia stendi hali ya barabara kabla hujakata tiketi. Nyingine inazunguka kwa Mingoyo na Ndanda hadi Masasi, halafu unapanda. Mimi ningekwenda kwa moja na kurudi kwa nyingine, maana vilima vya mawe vya Masasi navyo vinataka jicho. Gesti zipo mjini, za kawaida. Uliza kama maji yanatoka bombani kabla hujalipa.

Hatua ya 3: Mzigo

Maji lita 3 kwa mtu kwa nusu siku, na lita 4 kama unashuka hadi chini kabisa. Usitegemee duka njiani. Vaa viatu vya kufunika mguu na suruali ndefu, kwa sababu ya nyoka na kwa sababu ya upupu. Upupu ukikauka, upepo unabeba zile nywele zake na kuzimwaga njiani. Ukikupata usijikune, wala usisugue na nguo. Wenyeji hupaka jivu au udongo, wakaacha ukauke, wakakung'uta. Beba pia kitambulisho.

Hatua ya 4: Siku ya kwanza, ukingoni tu

Shimo la Mungu liko pembeni ya mji, bodaboda anakufikisha. Nenda saa kumi jioni, jua likiwa limelala kidogo na mikunjo ya bonde inaonekana. Agosti na kuendelea, moshi wa mashamba yanayochomwa unaweza kuziba yote. Usikanyage mdomo wa ukingo: ule ni mchanga ulioshikamana kidogo tu, si jiwe.

Hatua ya 5: Siku ya pili, kushuka

Jioni ile ile pita ofisi ya kijiji au mtaa, mwone mtendaji au mwenyekiti, ujitambulishe na uombe mtu wa kukuongoza. Bei mkubaliane hapo hapo mbele yake. Ondokeni saa kumi na mbili asubuhi. Kushuka ni rahisi, na ndipo watu wanapodanganyika: wanashuka wakicheka, wanakaa chini kwenye vivuli mpaka saa sita, kisha wanapanda jua la utosi na chupa tupu. Panga kugeuka saa tatu na nusu, hata kama mwili bado una nguvu. Nusu ya maji yako isiguswe kabla ya kuanza kupanda.

Ukirudi mjini, tafuta ming'oko, yaani viazi pori. Huchimbwa vichakani wakati wa kiangazi, huchemshwa kwa chumvi, unamenya kwa vidole ukila. Kwangu mimi, hiyo pekee inatosha kumtoa mtu Dar.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mdau wa Nanyamba:* Mkuu, tunaweza kufika hadi mto Ruvuma wenyewe tukaoge?

Kufika inawezekana kwa usafiri na mwenyeji, lakini si kwa mguu wa asubuhi moja. Kuoga hapana, mto una mamba na viboko. Tena ule ni mpaka wa Msumbiji, na tangu vurugu za Cabo Delgado zianze 2017 ulinzi umekazwa. Kijiji kikisema msiende, msiende.

*Dada wa Lindi mjini:* Shikamoo kaka. Nina watoto wa miaka 8 na 11. Wataweza?

Marahaba dada. Hatua ya 4 wataifurahia, mradi uwashike mkono. Kushuka, mkubwa anaweza robo ya njia na kurudi. Mdogo mwache na bibi wa ming'oko sokoni.

*Mdau wa Masasi:* Vinyago vya Kimakonde nitavipata Newala kwa bei nzuri?

Utapata, ila usitegemee maduka yaliyopangwa. Wachongaji wengi walihamia Dar miaka mingi iliyopita, ndiyo maana soko kubwa liko Mwenge. Huku ulizia mtaani nani anachonga, umfuate kwake. Mpingo wa kweli ni mzito mkononi na ndani ni mweusi. Kilichopakwa rangi ya viatu kitakuchafua vidole.

*Mdau wa Mtwara mjini:* Nikienda Novemba kwa ajili ya korosho?

Nenda, mji unakuwa umechangamka, mabibo kila kona na uraka, pombe yake. Ila gesti zinajaa wakati wa minada, piga simu mapema. Na uraka usinywe usiku wa kuamkia siku ya kushuka.

*Huyo huyo:* Hata kikombe kimoja?

Kimoja kunywa ukisharudi juu.