SOMO: Tzatziki isiyotoa maji, someni yote kabla hamjauliza

Wakuu habari. Tzatziki ni yogati nzito ya Kigiriki iliyochanganywa na tango na saumu, ya kuchovya mkate. Kila wiki meseji ni ileile, "mbona tzatziki yangu imekuwa mchuzi", nimechoka kujibu mmojammoja, naandika mara moja, atakayeuliza namtumia hii. Niko Athens, jikoni nina miaka saba.

Tzatziki inaliwa kama meze, kwa hiyo kwanza mjue meze ni nini. Ni visahani vidogo vinakaa katikati ya meza, kila mtu anachovya mkate wake, watu wanapiga stori masaa na ouzo yao (pombe kali ya Kigiriki) na wengi wanashiba hapohapo. Ukimpakulia kila mtu sahani yake, hiyo siyo meze tena.

Vitu: yogati nzito nusu kilo, tango kubwa 1, kitunguu saumu punje 2, mafuta ya zeituni vijiko 3 vya chakula, siki kijiko 1, chumvi.

1. Osha tango, pasua katikati, toa mbegu kwa kijiko.

2. Kwaruza kwa greta, matundu makubwa.

3. HAPA NDIPO WATU WANAPOHARIBU. Nyunyizia chumvi nusu kijiko cha chai, acha dakika 20, halafu tia kwenye kitambaa safi ukamue kama unavyokamua tui, kamua mpaka mkono uchoke, pumzika, kamua tena. Mwaka wangu wa kwanza niliminya kwa vidole nikaona inatosha, nikachanganya asubuhi, jioni wageni wameshakaa nafungua chombo nakuta maji ya kijani yameelea juu na yogati imelala chini, mpishi mkuu akamwaga yote kwenye sinki mbele yangu. Sijasahau mpaka leo. Tango zima likikamuliwa vizuri linaenea kwenye ngumi yako, kama lako bado limejaa bakuli hujakamua. Na chumvi ile imebaki humo, onja kabla hujaongeza.

4. Twanga saumu ilainike kabisa. Punje 2 tu! Kesho yake ukali unazidi.

5. Changanya vyote kwa kijiko. Blenda HAPANA, yogati inakuwa maji.

6. Friji masaa mawili, mafuta kidogo juu, zeituni moja, peleka mezani na mkate.

Pembeni weka feta (jibini ya Kigiriki), zeituni, na dolmadakia, yaani wali uliofungwa kwenye majani ya mzabibu.

MASWALI

Chausiku: Yangu imekuwa maji, nimesaga kwenye blenda, tatizo nini?
— Namba 5.

Dogo wa Tanga: Huku yogati ya Kigiriki hamna, mgando unafaa?
— Unafaa ila uchuje. Mimina kwenye kitambaa, ning'iniza juu ya bakuli ndani ya friji usiku kucha, asubuhi kijiko kisimame chenyewe. Usiwe wa sukari.

Kamanda: Nimeruka kukamua sababu ya haraka, naweza kuongeza unga iwe nzito?
— Hapana. Unga hauingii humu. Kamua tango.

Bi Mwana, Mombasa: Mwanangu, hii si raita yetu ya biriani? Ama wao ndio walioiga?
— Shikamoo bibi, umeona mbali. Ni ndugu. Waturuki nao wanayo, wanaita cacık, na jina tzatziki limetoka hukohuko, hata neno meze asili yake ni Kiajemi, maana yake ladha, likapita Kituruki ndipo likafika Ugiriki. Tofauti na raita utaiona kwenye uzito, ya Wagiriki haimwagiki, na bizari ya pilau hawatii, wengine wanatia majani ya shibiti.

Bi Mwana: Marahaba. Na bilingani wanafanyaje?
— Hiyo melitzanosalata bibi, na wewe una jiko la mkaa utatushinda sote. Choma bilingani zima mpaka ganda liungue jeusi na ndani lilegee, liweke kwenye chujio nusu saa litoe maji yake machungu, ndipo uponde kwa uma na saumu, limau na mafuta ya zeituni. Usilioshe kwa maji kutoa ganda, moshi wote utaondoka. Menya kwa mkono likiwa bado la moto.