Kuandika skripti ya katuni ya dakika 11, kutoka wazo hadi rasimu ya pili

Katuni nyingi za televisheni hutengenezwa kwa vipande vya dakika 11, kwa kuwa viwili pamoja na matangazo hujaza nusu saa. Hapa tunazungumzia kipande kimoja, kwenye kipindi ambacho tayari kina wahusika wake.

Uliza kwanza studio inafanyaje kazi. SpongeBob SquarePants ilitengenezwa kwa mwandishi kutoa muhtasari tu, kisha wachora storibodi (michoro inayoonyesha hadithi picha kwa picha) wakatunga mazungumzo huku wakichora. The Simpsons huanza na skripti kamili. Ukipeleka kurasa 18 mahali wanapotaka 3, umechoka bure.

Hatua ya 1: Soma baibo ya kipindi

Baibo ni kitabu kinachoeleza wahusika, tabia zao na mahali wanapoishi. Toa humo orodha mbili: mandhari zilizokwisha chorwa, na wahusika waliokwisha tengenezwa. Hadithi yako iishi humo. Mhusika mpya lazima achorwe mbele, ubavuni na mgongoni, atengenezewe midomo na mikono. Ndiyo maana prodyuza hukunja uso akimwona. Ongeza mmoja tu, na mandhari mpya moja tu.

Hatua ya 2: Premisi

Nusu ukurasa: nani anataka nini, nini kinamzuia, inaishaje. Peleka tatu hadi tano kwa mpigo, maana nyingi zitakataliwa. Kosa linaloziua ni mhusika mkuu kuokolewa na mtu mzima mwishoni. Yeye ndiye aliyeharibu, yeye ndiye atengeneze.

Hatua ya 3: Muhtasari

Kurasa tatu au nne, onyesho kwa onyesho, bila mazungumzo. Usiuharakishe: kufuta onyesho hapa ni dakika tano, kulifuta likiwa limeshachorwa ni ugomvi. Na kabla ya kwenda mbele, hakikisha mkataba unataja malipo ya kila hatua na idadi ya marekebisho. Neno "mpaka tutakaporidhika" lisiwemo.

Hatua ya 4: Skripti yenyewe

Filamu ya waigizaji hukadiriwa ukurasa mmoja kwa dakika. Katuni huzidi, dakika 11 zinaweza kula kurasa 15 hadi 18, kwa sababu hakuna mwigizaji wa kubuni kitendo mbele ya kamera. Usichokiandika huenda kisichorwe.

Rasimu za wanaoanza hujaa sentensi kama hii: "Chiku anajisikia vibaya kwa sababu amemnyima dada yake embe." Mchoraji atachora nini hapo? Andika kinachoonekana:

NJE. CHINI YA MWEMBE – MCHANA

Chiku anauma embe. Anasita. Anatazama njia aliyopita dada yake. Anaficha embe mgongoni. BABU KOBE anatokea.

BABU KOBE
Mbona mdomo unameta, mjukuu wangu?

CHIKU
(mdomo umejaa)
Shikamoo, babu.

BABU KOBE
Marahaba. Nimeuliza mdomo.

Hatia imeonekana, na hakuna aliyeitaja.

Mtego mwingine ni umati. "Kijiji kizima kinakimbilia sokoni" ni maneno manne kwako. Kwa mchoraji, sekunde 4 kwa fremu (picha moja moja) 25 kila sekunde ni fremu 100, na ndani yake miguu ya watu thelathini. Hata akichora fremu moja na kuruka moja, ni michoro 50. Badala yake: kelele nje ya picha, vumbi linapita, kandambili moja imebaki njiani. Mtazamaji anawaona wote. Jihadhari pia na maji, kamba, kanga inayopepea, na watu wawili wanaokumbatiana. Kwenye katuni ambazo mwili wa mhusika ni vipande vilivyounganishwa kama kikaragosi, mikono inayopishana ni balaa.

Hatua ya 5: Pima mazungumzo kwa sauti

Kwa kawaida sauti hurekodiwa kabla ya picha kuchorwa, kisha midomo hufuata sauti. Soma kila mstari kwa sauti ukiwa na saa ya kuhesabu sekunde. Mstari ukihitaji pumzi mbili, ukate.

Kiswahili kina mambo yake. Maneno yetu karibu yote huishia na irabu, kwa hiyo mdomo hubaki wazi mwishoni mwa neno. M, b na p huufunga kabisa. Ukitafsiri katuni iliyokwisha chorwa, tafuta kwanza fremu ambazo midomo imefungwa, uweke hapo neno lenye herufi hizo. Kwingine mtazamaji hatagundua.

Kipindi kikienda kwa lugha mbili, kama Ubongo Kids ya Dar es Salaam iliyoanza mwaka 2014, mistari mirefu iweke mahali mhusika amegeuza mgongo au yuko nje ya picha. Na mzaha wa neno tupu hausafiri. "Kaa hapo!" anaambiwa mtoto, naye anatazama chini kumtafuta kaa: kwa Kiingereza hakuna kinachobaki. Kaa akitokea kweli na kumbana kidole, utani unapona.

Hatua ya 6: Maoni na rasimu ya pili

Maoni yatatoka kwa prodyuza, kituo cha televisheni, na mshauri wa elimu kama kipindi ni cha watoto. Yakipingana, usichague wewe. Mrudishie mhariri mkuu wa hadithi aamue. Maoni yasiyojadiliwa ni ya usalama: mtoto ataiga, basi mhusika asijifungie ndani ya friji wala asipande tangi la maji.

Pamoja na rasimu ya pili, weka alama pembeni kwenye mistari sita hivi inayoweza kuondoka bila hadithi kuanguka. Animatiki (michoro ya storibodi iliyopangwa pamoja na sauti) ikipigwa na kugundulika imefika dakika 12 na nusu, mhariri ataanza na hiyo. Usipoweka, atakata mwenyewe, na mara nyingi huanza na ile pumzi ya kimya kabla ya mzaha.