Kuhamisha Piano ya Kusimama Kutoka Nyumba Moja Hadi Nyingine Jijini Nairobi

Mtu anayehamisha piano kutoka Buruburu kwenda Ruaka huwaza kwanza lori, bei na msongamano wa magari, ilhali mambo yatakayoamua usalama wa piano hiyo yako mlangoni, kwenye korido na kwenye ngazi za nyumba zote mbili. Kwa maoni yangu, ambaye hajaipima njia yote kwa utepe, kuanzia ukuta ambapo piano imesimama sasa hadi ukuta ambapo itasimama, hapaswi hata kupanga tarehe ya kuhama.

Kabla ya vipimo, ni vizuri kuelewa ni kitu gani unachokwenda kukiinua. Ndani ya piano ya kusimama kuna fremu ya chuma cha kusubu, ambayo kazi yake ni kuhimili mvuto wa nyuzi zaidi ya 200, na mvuto huo ukijumlishwa hufika takriban tani 15 hadi 20. Chuma hicho kimewekwa upande wa nyuma, kwa hiyo uzito wa piano umeelemea nyuma na haukai chini kama wa kabati la vyombo. Piano ndogo za nyumbani huwa na kilo 150 hadi 200 hivi, za kimo cha kati hukaribia kilo 230, na zile ndefu za zamani zinaweza kufika kilo 300 au kuzidi. Ukiisukuma kwa juu huku gurudumu moja limekwama kwenye ukingo wa kigae, piano huangukia nyuma kwa urahisi unaoshangaza, na ikishaanza kuanguka hakuna mtu mmoja awezaye kuizuia. Watoto wasiwe chumbani kabisa wakati wa kazi hii.

Sasa vipimo. Piano nyingi za kusimama zina urefu wa takriban sentimita 150 kutoka upande hadi upande na kina cha takriban sentimita 60, lakini pima ya kwako. Mlango wa kawaida hauleti shida, kwa kuwa piano hupita ikitanguliza ubavu. Tatizo ni kona. Piano ya vipimo hivyo, ikitembezwa wima sakafuni, hupinda kona ya mraba pale tu ambapo korido zote mbili zina upana wa angalau sentimita 96, na hapo ni bila blanketi. Ukiifunga kwa blanketi zinazoongeza sentimita mbili kila upande, utahitaji karibu mita moja kamili, na vidole vya wabebaji bado havijapata nafasi. Ili kuigeuza mahali pamoja, kama vile kwenye kituo cha ngazi, unahitaji eneo huru lenye upana wa sentimita 162 au zaidi. Ngazi za ndani za nyumba nyingi za ghorofa moja katika mitaa ya zamani hazina nafasi hiyo, na ni afadhali kulijua jambo hilo wiki mbili mapema kuliko kuligundua piano ikiwa imekwama katikati.

Ambaye hapendi hesabu afanye hivi: akate boksi kubwa au aunganishe mawili, apate kipande chenye urefu na kina kamili cha piano pamoja na unene wa blanketi, kisha akitembeze kipande hicho sakafuni katika njia yote, kwenye nyumba anayotoka na anayohamia. Mahali boksi linapokunjika ndipo piano itakapokwama. Aandike pia idadi ya vidato, vizingiti vya milango, na mahali ambapo reli ya ngazi imejitokeza.

Lifti huwapotosha watu wengi. Wenye nyumba za Kilimani na Kileleshwa husoma kibao cha lifti, wakaona inabeba kilo 630, wakaridhika. Lakini lifti ya kiwango hicho, iliyotengenezwa kwa watu wanane, kwa kawaida ina sakafu ya sentimita 110 kwa 140, na piano yenye urefu wa sentimita 150 haiingii ndani yake hata kama uzito unaruhusiwa. Pima kina cha lifti kutoka mlangoni hadi ukuta wa nyuma, upime na upana wa mlango wake, kisha umwombe msimamizi wa jengo ruhusa ya kuizuia lifti kwa muda utakaohitaji. Majengo mengi yana saa maalumu za kuhama na hudai barua ya ruhusa langoni. Ipate mapema, kwa kuwa piano iliyokwama nje ya lango wakati wingu linatanda ni mateso yasiyo ya lazima.

Kuhusu watu, nasema wanne kwa uchache, wote watu wazima wenye viatu vilivyofunika vidole. Piano ya kilo 230 ikigawanywa kwa wanne kwenye sakafu tambarare, kila mmoja amebeba zaidi ya mfuko wa saruji wa kilo 50, tena mzigo usioweza kuwekwa begani. Kwenye ngazi mgawanyo huo huvunjika, kwa sababu walio chini hupokea sehemu kubwa zaidi. Chagua mmoja wa kutoa amri, na wengine wakubaliane kwamba hakuna atakayeinua, atakayeshusha wala kuachia bila kusikia neno lake. Vijana wenye nguvu wanaopatikana karibu na stendi ya malori wanaweza kuifanya kazi hii vizuri endapo njia ni tambarare na kiongozi anaijua piano. Kama kuna ngazi zenye kona, au zaidi ya ghorofa moja bila lifti, ushauri wangu ni kuajiri wahamishaji ambao wamewahi kubeba piano, uwaombe waje kuiona njia kwanza, na ukatae bei inayotolewa kwa simu bila mtu kuuliza habari za ngazi. Uliza pia kwa maandishi iwapo bima yao inalipia mzigo ukiharibika safarini.

Siku yenyewe, funga kifuniko cha vibonye kwa ufunguo, au kama kufuli haifanyi kazi, kizungushie mkanda laini wa kitambaa. Usibandike gundi ya aina yoyote juu ya vanishi, kwani hung'oa rangi, hasa kwenye piano za zamani. Funika piano yote kwa blanketi nene, ukianza na pembe na miguu ya mbele, kisha zungushia plastiki ya kufungia mizigo juu ya blanketi. Plastiki isigusane na mbao. Miguu ya mbele ya piano ndogo ni dhaifu mno. Imekusudiwa kuegemea sakafu tu, na huvunjika piano ikiburutwa au ikipigishwa kizingiti. Vilevile magurudumu madogo yaliyo chini ya piano yalitengenezwa ili kuisogeza kidogo wakati wa kufagia. Hayafai kuivusha korido, wala veranda, wala ua wenye kokoto.

Kifaa kinachofaa ni kitoroli cha ubao chenye magurudumu manne ya mpira na kitambaa kizito juu yake. Watu wawili huinua ubavu mmoja wa piano kwa kushika chini kabisa, wa tatu hukisukuma kitoroli hadi katikati ya piano, na wa nne husimama nyuma akiushika mgongo usiegemee. Piano hushushwa polepole, hukaguliwa kama imekaa sawa, kisha hufungwa kwa mkanda pamoja na kitoroli. Mahali pa kushika ni sehemu ya chini ya mbavu na vishikio vya nyuma, kama vipo. Kamwe usiinue kwa kushika rafu ya vibonye, kifuniko au ubao wa mbele. Kwenye vigae tandaza vipande vya plaiwudi, kwa maana uzito huo juu ya magurudumu manne hupasua kigae chenye nafasi tupu chini yake.

Kwenye ngazi chache za mlangoni, tumia mbao nene zilizotegemezwa katikati. Mbao za mita 3 zinazopanda mita 1, ambacho ndicho kimo cha kukaribiana na sakafu ya malori mengi aina ya kanta, zinahitaji nguvu ya kusukuma inayofika theluthi ya uzito wa piano, mbali na msuguano. Wawili wavute kwa mikanda kutoka juu, wawili wasukume wakiwa pembeni, na asiwepo mtu anayesimama moja kwa moja chini ya mzigo. Dereva mzuri hurudisha lori nyuma hadi kwenye tuta au veranda iliyoinuka, na hapo mteremko hupungua sana. Njia hiyo inastahili dakika kumi za kutafuta mahali.

Ndani ya lori, piano isimame wima, mgongo wake ukigusa ukuta wa mbele ulio nyuma ya dereva au ukuta wa ubavuni, ikiwa imeshushwa kutoka kwenye kitoroli. Ifunge kwa mikanda miwili ya kukaza, mmoja karibu na juu na mwingine chini ya usawa wa vibonye, huku blanketi zikiwa zimekunjwa kila mahali mkanda unapopita. Usiweke kitu juu yake, na usiegemeze magodoro mbele yake ukidhani yanatosha kuizuia. Chagua lori lililofunikwa. Mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba hushuka bila kubisha hodi, na turubai lililofungwa kwa haraka huruhusu maji kuingia upande wa chini. Mwombe dereva apite matuta kwa mwendo wa kutambaa, na apendelee barabara ya lami iliyo ndefu kidogo kuliko ya mkato yenye mashimo.

Ukifika, iweke kwenye ukuta wa ndani wa nyumba, mbali na dirisha linalopigwa na jua la alasiri, mbali na jiko na mbali na mlango unaofunguliwa mara kwa mara. Fungua plastiki na blanketi siku hiyohiyo ili unyevu usibaki ndani. Sauti itakuwa imebadilika, na hilo si dalili ya uharibifu: ubao wa sauti, ambao ni wa mbao nyembamba, huvimba na kusinyaa kulingana na unyevu wa hewa, na hewa ya chumba kipya si ile ya zamani. Kwa sababu hiyo usimwite fundi kesho yake. Subiri wiki mbili hadi nne, mbao zitulie, ndipo arekebishe nyuzi. Mambo haya tu hayapaswi kusubiri: pedali isiyorudi, kibonye kilichozama au mlio wa chuma ndani. Hayo yakitokea, piga picha kabla wahamishaji hawajaondoka, uwaoneshe, na umpigie fundi siku hiyo.